Njia ya kulia ni ya kupita, si ya kukaa

Ukitoka Mwenge, Dar es Salaam, kwenda Bagamoyo, utamkuta tu: dereva katulia upande wa kulia, spidi 50, nyuma yake msururu wa magari yanamwashia taa. Ukimuuliza atakujibu, "Mimi natembea spidi ya sheria, nimpishe nani?"

Imani hiyo ni ya siku nyingi, na nusu yake ni kweli. Kwenye makazi ya watu kikomo ni 50, na hakuna njia inayokuongezea hata moja. Anayekuwashia taa naye huenda anavunja sheria. Lakini kumdhibiti ni kazi ya trafiki, si yako. Sisi tunaendesha kushoto. Kulia tunakwenda kupita, tukishapita tunarudi. Kupita au kukata kona ya kulia, basi.

Ubaya wake unauona ukimziba mtu. Hasubiri, anakupitia kushoto. Na kushoto ndiko daladala inakosimama ghafla, konda keshashuka kabla ya matairi kutulia, na bodaboda inachomoka kichochoroni. Wewe mwenyewe macho yako yako kwenye kioo cha kulia.

Ukishavuka Tegeta, barabara inabaki njia moja kwenda, moja kurudi. Hapo kulia kwako ni kwa anayekuja. Ajabu ni kwamba bingwa wetu wa kulia, akifika Mapinga nyuma ya lori la mchanga, yeye ndiye wa kwanza kupiga honi apishwe.