Leveli Pekee Haziifanyi Gemu Kuwa RPG

Kila gemu kubwa inapotoka, hakosi mtu wa kuniuliza kama hiyo nayo ni RPG, yaani gemu ya kuigiza mhusika, na ushahidi wake huwa uleule: ina leveli, ina pointi za uzoefu, unachagua silaha. Kazi yangu ni kubuni kanuni za gemu na kuandika mazungumzo ya wahusika, kwa hiyo swali hili sichoki kulijibu. Tangu Call of Duty 4 ya mwaka 2007, hata gemu za kurushiana risasi mtandaoni zina leveli. Gemu za mpira nazo zina wachezaji wenye namba za mbio, pasi na mashuti. Hakuna anayeziita RPG, na ni haki. Namba zipo, mtu hayupo.

Kwangu mimi, gemu inakuwa RPG pale mhusika uliyemuumba anapokuwa na uwezo wa kukukatalia. Unataka jambo, kidole kiko tayari kwenye kitufe, lakini yeye hawezi kwa sababu ya jinsi ulivyomjenga. Na dunia anamoishi inalijua hilo, inamjibu yeye alivyo.

Haya yote yalianzia mezani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons huko Marekani. Wote wawili walitoka kwenye michezo ya vita ya mezani, ambako mchezaji mmoja husogeza vikosi vizima. Wao wakampa kila mchezaji mtu mmoja tu, mwenye sifa sita kama nguvu, akili na mvuto, na kila sifa ilipatikana kwa kurusha dadu tatu. Kisha wakamweka mwamuzi. Mchezaji anasema anataka kumhonga mlinzi wa lango. Mwamuzi anatazama namba za mhusika, dadu inarushwa, mlinzi anajibu. Bila mwamuzi huyo mchezo hauna uhai. Mwaka 1975 wanafunzi wa Marekani walikuwa tayari wanaandika matoleo yao kwenye mfumo wa kompyuta wa PLATO wa Chuo Kikuu cha Illinois, na mwaka 1981 zikaja gemu za kompyuta Wizardry na Ultima. Kompyuta ilichukua ilichokiweza: namba, mahandaki, mazimwi. Mwamuzi alibaki mezani. Naamini ndiyo sababu hadi leo watu wengi wanadhani namba ndizo mchezo wenyewe.

Tazama gemu mbili za kampuni moja, Bethesda. Katika Morrowind ya mwaka 2002, unamsogelea adui, unampiga upanga, unaona kwa macho yako upanga umempitia, na gemu inasema umekosa. Kisa? Mhusika wako hajui upanga, na hesabu ya siri imeamua hivyo. Wengi waliichukia sana kanuni hii. Mimi naitetea. Chama cha wachawi katika gemu hiyo nacho hakikupandishi cheo mpaka ujuzi wako wa uchawi ufike kiwango fulani, hata kama umemaliza kila kazi waliyokutuma. Njoo sasa kwenye Skyrim ya mwaka 2011. Unaingia chuo cha wachawi kwa kuonyesha uchawi mdogo tu mlangoni, unafuata hadithi ukiwa umebeba shoka lako, na mwisho unakabidhiwa chuo chote ukiwa mkuu wao. Skyrim ni gemu nzuri na dunia yake inavutia kuizunguka, lakini humo mhusika hana la kukukatalia.

Mfano ninaowapa wanaoanza kazi hii ni Fallout ya mwaka 1997. Unatoka kwenye handaki ukiwa na siku 150 za kutafuta kifaa cha kusafishia maji ya watu wako. Kabla ya hapo unagawa pointi kwenye sifa saba. Ukimpa mhusika akili ya chini kabisa, mazungumzo ya gemu nzima yanageuka: yeye anaguna na kutamka maneno nusunusu, watu wanamwonea huruma au wanamfukuza, na kazi nyingi hapewi kabisa. Mwandishi alikaa akaandika mistari hiyo akijua wachezaji wachache sana wataiona.

Mwishoni unakutana na kiongozi wa majitu, anayeitwa the Master, mwenye mpango wa kuwageuza binadamu wote wawe kama jeshi lake. Unaweza kupigana naye. Unaweza kushuka chini ya ngome yake na kuliwasha bomu la nyuklia lililoko huko. Au unaweza kuongea naye. Ila ukiongea naye, haitoshi kubonyeza jibu zuri: lazima mhusika awe msemaji hodari, na lazima awe amepata ushahidi kwamba majitu hayo hayawezi kuzaa. Ukimwekea ushahidi huo mbele yake, anauona ukweli, anakata tamaa na kujimaliza yeye na ngome yake. Adui mkuu ameshindwa na hukupiga hata risasi moja. Mchezaji aliyemjenga mbabe asiyejua kuzungumza hatalipata hilo hata awe na mikono myepesi kiasi gani.

Mbona basi studio nyingi hazifanyi hivi? Gharama. Mazungumzo yenye njia panda tatu, kila moja na majibu mawili, tayari yana mapito manane. Ongeza njia panda saba nyingine na umefika 1,024. Hakuna timu inayoweza kuandika hayo. Tunachofanya ni kuacha njia zitengane kidogo, kisha tunazirudisha pamoja, huku gemu ikiweka alama ndogo kwenye kumbukumbu: alimdanganya mama huyu, alilipa deni lile. Baadaye, mahali pengine kabisa, mhusika mwingine anaisoma alama hiyo na kuitaja. Mchezaji anashtuka kwamba gemu haijasahau. Kwa maoni yangu, alama hizo ndizo zilizo karibu zaidi na yule mwamuzi wa mezani.

Kuhusu gemu za Kijapani, najua wapo watakaonikasirikia. Mbunifu Yuji Horii alizipenda Wizardry na Ultima, na gemu yake Dragon Quest ya mwaka 1986 ilirahisisha kanuni hizo ili mtu yeyote mwenye Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, aweze kucheza. Ni ukoo uleule. Lakini katika nyingi kati ya hizo hadithi imeshaandikwa, nawe unaifuata tu, hata kama inakutoa machozi.

Jambo ambalo wabunifu hulitupa haraka mno ni kufeli. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 ilirudisha dadu ya pande 20 katikati ya skrini, jambo la kusifiwa, lakini wachezaji wengi wakifeli hurudi walipohifadhi na kurusha tena. Disco Elysium ya mwaka 2019 imenifurahisha zaidi. Wewe ni mpelelezi mwenye stadi 24 zinazobishana kichwani mwako, na hakuna mfumo wa mapigano pembeni. Ngumi, uongo na huruma vyote huamuliwa kwa dadu mbili. Ukianza na mwili dhaifu kupita kiasi, kujaribu kuchukua tai yako ya shingoni kwenye feni ya dari kunaweza kukuua kwa mshtuko wa moyo kabla hujatoka chumbani.

Na kuna makabiliano ya bunduki karibu na mwisho. Mambo yakikuendea vibaya pale, mwenzako Kim Kitsuragi hupigwa risasi na kupelekwa hospitali. Upelelezi hausimami. Cuno, yule mtoto mtukutu aliyekuwa akikutukana tangu siku ya kwanza, anaweza kuchukua nafasi yake na kwenda nawe hadi mwisho, akiwa na mazungumzo yake kamili ambayo aliyefaulu kumwokoa Kim hayasikii kamwe.