Lexington, Nebraska: mji uliobadilika kati ya sensa mbili

Aprili 1990 makarani wa sensa ya Marekani waliwahesabu wakazi wa Lexington, mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Nebraska, wakapata watu 6,601. Novemba ya mwaka huohuo kiwanda kikubwa cha kuchinja ng'ombe kikaanza kazi mjini hapo. Sensa ya mwaka 2000 ikakuta watu 10,011. Ukichora mstari kati ya namba hizo mbili utapata ongezeko la watu 341 kila mwaka, mwendo wa pole wa mji unaokua kawaida. Mwendo huo haukuwapo. Wageni walimiminika katika miaka michache ya mwanzo, nyumba za kupanga zikaisha, madarasa yakafurika, na makarani waliporudi walikuta mambo yalishatokea zamani.

Kazi yangu ni kuchambua hesabu za watu, na katika miji midogo ya Magharibi ya Kati ya Marekani huu ndio ninaorudi kuusoma mara nyingi zaidi. Wengi hudhani mji wa kilimo huongezeka watu ardhi ikizaa na hupungua ardhi ikichoka. Historia ya Lexington inasema vingine. Tangu mwanzo idadi ya watu wake imeamuliwa na watu walio mbali: wabunge wa Washington, wakuu wa reli, wenye viwanda. Na maamuzi hayo hayafuati ratiba ya sensa.

Mji huu uko Kaunti ya Dawson, kwenye bonde la mto Platte. Kabla ya mji kuwapo, bonde hili lilikuwa nchi ya Wapawnee, na Wacheyenne na Walakota waliwinda humo nyati wa mbugani. Misafara ya magari ya farasi na maksai kwenda Oregon na California ilipita kando ya mto, na kusini mwake palikuwa na kituo kilichoitwa Plum Creek. Agosti 1864 wapiganaji wa Cheyenne waliushambulia msafara karibu na hapo na kuua wanaume 13. Miaka miwili baadaye reli ya Union Pacific ikapita upande wa kaskazini wa mto, na Agosti 1867 Wacheyenne wakaiangusha treni ya mizigo karibu na Plum Creek. Walikuwa wanaitetea nchi yao, na walielewa vizuri kuliko wengi wa zama hizo kwamba reli ingeleta watu wasiohesabika. Kati ya 1874 na 1876 Wapawnee walihamishiwa eneo ambalo leo ni Oklahoma. Kila jedwali la idadi ya watu wa Nebraska linaanzia kwenye kuondolewa huko, ingawa jedwali lenyewe halina safu ya kukuonyesha.

Reli ndiyo iliyochagua mji ukae wapi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160, yaani kama hekta 65, kwa sharti la kuishi juu yake na kuilima miaka mitano. Kaunti ya Dawson ikaanza kuendeshwa rasmi mwaka 1871, na mwaka 1889 mji uliokua kando ya reli, ambao hadi hapo uliitwa Plum Creek kama kile kituo, ukabadilishwa jina kuwa Lexington, kwa heshima ya mapigano ya 1775 yaliyofungua vita vya uhuru wa Marekani.

Lakini ekari 160 zilipimwa kwa kufuata mvua za mashariki. Longitudo ya 100 magharibi, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa mpaka wa mvua ya milimita 500 kwa mwaka, inapita Cozad, mji jirani ndani ya kaunti hiyohiyo. Magharibi ya hapo kulima bila maji ya mfereji ni kubahatisha. Ukame wa miaka ya 1890 ulipowapiga, walowezi wengi wa Nebraska walifunga mizigo wakarudi walikotoka, na Lexington ikaingia karne mpya ikiwa na watu wasiofika 1,500. Kilichowaokoa waliobaki ni mifereji iliyochimbwa kutoka mto Platte, kisha majani ya alfalfa kwa ajili ya mifugo, kisha bwawa la Kingsley lililokamilika mwaka 1941 na kulisha mtandao mkubwa wa umwagiliaji kusini mwa mji. Kufikia 1950 wakazi walikuwa kama 5,000.

Hapa ndipo wasomaji wangu wengi hukwama, kwa hiyo nitatulia kidogo. Maji yalipopatikana, mavuno ya mahindi yalipanda sana. Watu mashambani, badala ya kuongezeka, walipungua. Trekta, kombaini (mashine za kuvunia nafaka) na mabomba ya umwagiliaji yanayojiendesha kwa magurudumu vilimwezesha mkulima mmoja kulima eneo lililokuwa likilimwa na familia tano au kumi. Shamba la hekta 65 likamezwa na la mamia ya hekta. Kila familia iliyouza shamba ilipunguza mteja mmoja wa duka, mwanafunzi mmoja au wawili wa shule, benchi moja la kanisa. Tazama Kaunti ya Gosper, inayopakana na Dawson upande wa kusini: mwaka 1900 ilikuwa na watu zaidi ya 5,000, mwaka 2020 haikufika 2,000. Ardhi ya Gosper haijafa. Inazalisha chakula kingi kuliko zamani. Ni watu ambao haiwahitaji tena.

Lexington ingefuata njia hiyo kama isingekuwa viwanda. Kampuni ya Sperry New Holland ilikuwa ikiunda kombaini mjini hapo, na kufikia 1980 wakazi walikuwa kama 7,000. Kisha ukaja msukosuko wa kilimo. Riba za mikopo zilipanda kupita asilimia 20, bei za nafaka na thamani ya mashamba zikaanguka, na mkulima aliyekopa kwa dhamana ya ardhi akajikuta deni limeizidi ardhi. Mkulima wa namna hiyo hanunui kombaini. Katikati ya miaka ya 1980 kiwanda kilifungwa na watu wapatao 900 wakapoteza ajira. Sensa ya 1990 ilionyesha upungufu mdogo tu kulinganisha na 1980, na mchambuzi asiyeijua historia angeandika kwamba muongo huo ulikuwa mtulivu. Kwa familia zilizouza nyumba kwa hasara na kuondoka, haukuwa mtulivu hata kidogo.

Jengo lile tupu la kombaini ndilo lililochukuliwa na IBP, kampuni ya nyama iliyoanzia Iowa mwanzoni mwa miaka ya 1960. IBP iliugeuza mfumo mzima wa biashara ya nyama. Zamani ng'ombe hai walisafirishwa kwa reli hadi machinjio ya mijini, Chicago ikiwa kubwa kuliko zote, na mabucha wenye ujuzi na vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu ndio walioikata nyama. IBP ilihamishia machinjio kijijini, karibu na mazizi makubwa ya kunenepeshea ng'ombe kwa mahindi. Kazi ya bucha ikagawanywa vipande vidogo, kila mfanyakazi akirudia mkato mmoja kwenye mkanda usiosimama, na nyama ikatoka imeshafungwa kwenye maboksi. Mashamba ya kuhifadhia mifugo ya Chicago yalifungwa mwaka 1971. Kazi ilikuja vijijini ikiwa na mshahara mdogo na majeraha mengi, na watu wengi waliiacha kabla ya kumaliza mwaka. Kiwanda cha namna hiyo hakiajiri mara moja kikatulia. Kinahitaji watu wapya wakati wote, na Nebraska ya mashambani haikuwa na vijana hao.

Walipatikana Texas, California, Mexico na Guatemala. Kuna sheria ambayo huwa haitajwi vya kutosha katika habari hii: ile ya uhamiaji ya mwaka 1986, iliyowapa takriban watu milioni 2.7 ukaazi halali. Mtu aliyekuwa amejibana kwenye mashamba ya California kwa kuogopa kukamatwa sasa aliweza kupanda basi kwenda popote palipo na kazi ya mwaka mzima, na kuleta mke na watoto. Mwaka 1990 Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, walikuwa kama asilimia 5 ya wakazi wa Lexington. Mwaka 2000 walikuwa asilimia 51.

Sasa fanya hesabu ambayo vyombo vya habari havikuifanya. Asilimia 95 ya watu 6,601 ni kama 6,270. Asilimia 49 ya watu 10,011 ni kama 4,900. Kwa hiyo wakati mji unaongezeka watu 3,410, wakazi wasio Walatino walipungua kwa takriban 1,370. Wazee walifariki, vijana walikwenda vyuoni Kearney, Lincoln na Omaha wasirudi, na wengine walihama kwa kutoridhika na mabadiliko. Bila wageni, Lexington ya mwaka 2000 ingekuwa mji wa watu chini ya 5,000, kama ulivyokuwa nusu karne nyuma. Maneno kwamba wageni waliujaza mji yanasahau nusu hiyo ya hesabu, na ninasikitika kila ninapoyasikia, kwa sababu waliofanya kazi ngumu kuliko zote ndio waliozifanya shule ziendelee kufunguliwa.

Baada ya 2000 namba zinaonekana kama zimelala: 10,230 mwaka 2010, na 10,348 mwaka 2020. Chini ya utulivu huo watu walibadilika tena. Kampuni kubwa ya nyama ya Tyson ilikuwa imeinunua IBP mwaka 2001. Desemba 2006 maafisa wa uhamiaji walivamia viwanda vya kampuni nyingine ya nyama katika majimbo kadhaa, kimoja kikiwa Grand Island, pia Nebraska, na tangu hapo sekta nzima iliwatafuta zaidi wafanyakazi ambao hati zao hazina mashaka. Wakimbizi wanazo. Wasomali wakafika, wengi wao wakiwa wamepitia kambi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya, wakafungua maduka na mahali pa kuswalia kwenye mji ambao vizazi viwili nyuma ulikuwa wa Wakristo wa asili ya Ulaya takriban wote. Msomaji wa Nairobi au Garissa akitembea huko asishangae kusalimiwa kwa Kiswahili.

Namba ya 2020 yenyewe isomwe kwa tahadhari. Siku ya sensa ilikuwa tarehe 1 Aprili, na mwezi huohuo korona ilienea katika viwanda vya nyama, Kaunti ya Dawson ikiwa miongoni mwa zilizopigwa vibaya. Tathmini ya baadaye ya idara ya sensa ilionyesha kwamba nchini kote Walatino walihesabiwa pungufu kwa takriban asilimia 5. Katika mji ambao wao ndio wengi, upungufu wa kiwango hicho ungemaanisha mamia ya watu, na fedha za serikali hugawiwa kwa kufuata hesabu hizo.

Kaunti nzima ilikuwa na watu 19,940 mwaka 1990, 24,365 mwaka 2000, na 24,111 mwaka 2020. Toa Lexington, utaona kwamba kati ya 2000 na 2020 sehemu nyingine za kaunti zilipoteza watu karibu 600. Mji ulikuwa umeibeba kaunti.

Tarehe 21 Novemba 2025 Tyson ilitangaza kwamba ingekifunga kiwanda cha Lexington Januari 2026. Wafanyakazi walikuwa wapatao 3,200. Liweke hilo kando ya watu 10,348, watoto na wazee wakiwemo, hata kama baadhi ya wafanyakazi hao walikuwa wakitokea miji ya jirani. Chanzo kilikuwa upungufu wa ng'ombe: Januari 2025 Marekani ilikuwa na ng'ombe milioni 86.7, idadi ndogo kuliko zote tangu 1951, baada ya miaka ya ukame iliyowalazimisha wafugaji kuuza hata mitamba ya kuzalisha. Machinjio yalikuwa mengi kuliko mifugo, na uamuzi wa lipi lifungwe ulifanywa nje ya Nebraska, kama ule wa kombaini.

Sensa ijayo ni Aprili 2030. Hadi hapo kutakuwa na makadirio ya kila mwaka, lakini makadirio hayo hufuatilia wahamaji kwa kiasi kikubwa kupitia anwani zilizo kwenye marejesho ya kodi, na taarifa hizo huchelewa. Mimi nitatazama uandikishaji wa shule za mji, zenye wanafunzi kama 3,000. Mtoto anayehama huonekana kwenye daftari la shule mpya ndani ya wiki chache, na nyuma yake kuna wazazi wawili na mdogo wake asiyeanza shule.

Nitatazama pia nani anaondoka kwanza. Tofauti na 1990, familia nyingi za wafanyakazi sasa zina nyumba zao, zilizonunuliwa kwa mikopo ya miaka 30. Mpangaji kijana hufuata kazi Kansas au Iowa mwezi huohuo. Mwenye nyumba lazima angoje mnunuzi, na wanunuzi wa nyumba za Lexington walikuwa wafanyakazi wenzake wa kiwanda kilekile. Hali hiyo ikiendelea hadi 2030, umri wa wakazi utapanda kabla idadi yao haijaporomoka sana, na anayetaka kujua kilichowapata asianze na jumla ya watu. Afungue jedwali la umri, atazame safu ya miaka 20 hadi 34.