Kadi ya mpiga kura haitoki kwenye WhatsApp

Nina kibanda cha kuchapa na fotokopi hapa Katuba, Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), kile tunachokiita sekretaria. Asubuhi moja aliingia kijana, simu mkononi, akaniambia (kwetu «yaya» ni ndugu mkubwa): «Yaya, unitoshee hii ku karatasi ya nguvu, na uipige plastiki.»

Nikaangalia. Bendera ilikuwepo, jina lake, tarehe ya kuzaliwa, namba ndefu chini. Halafu uso wake mwenyewe, picha aliyojipiga amelala, ncha ya mto inaonekana nyuma ya sikio. Hiyo eti ndiyo kadi ya mpiga kura. Alikuwa amelipa dola 15 kwa simu.

«Nani alikutumia?»

«Ni mutu wa CENI, yaya. Iko ata na logo ku profili.»

CENI ni Tume ya uchaguzi ya nchi yetu. Nilikataa kuichapa, tukakaa kuongea. Kila alilolisema nilikuwa nimeshalisikia kwa wengine, toka Kenya mpaka Ruashi, komini (yaani manispaa) za hapahapa Lubumbashi, na baadhi yao ni watu wazima wenye diploma. Basi nayaweka hapa.

«Siku hizi kadi inatengenezwa kwa intaneti, unatuma tu picha.»

Kadi haitengenezwi kwa picha, inatengenezwa kwa mwili wako ukiwa umekaa pale. Katika uandikishaji uliopita, ulioanza mikoa ya magharibi tarehe 24 Desemba 2022 na kufunguliwa kwetu Haut-Katanga tarehe 25 Januari 2023, aliyepata kadi alikaa kwenye kiti mbele ya kompyuta ya CENI. Akaulizwa majina, ya wazazi, alikozaliwa, anakokaa. Akapigwa picha palepale. Akaweka vidole kwenye kioo kidogo cha mashine, na kama mikono ina vumbi la mkaa au simenti aliambiwa aifute arudie. Kadi ikachapwa, akaondoka nayo.

Vidole ndivyo roho ya kazi yote. Alama zake zinapelekwa kulinganishwa na za wengine nchi nzima, ili mtu aliyejiandikisha mara mbili aonekane. Kwa hiyo yeyote anayekuahidi kadi bila kugusa vidole vyako, hata awe na logo kubwa kama bango la bia, anakuuzia karatasi. Jina lako haliko kwenye daftari, na siku ya kura hakuna atakayekujua.

Dhana hii ina chanzo chake, sitaki kuwacheka watu. Wakati ule CENI iliruhusu kujaza maelezo ya awali kwa intaneti, ili kupunguza muda wa kukaa kituoni. Watu wakasikia «intaneti», wakaishia hapo. Aliyejaza kwenye simu ilimbidi bado aende kituoni kwa picha na vidole.

Na kama kiungo kimekuja kwenye simu, tazama kipande kilicho kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, ukisome kwa kuanzia kulia. Anwani ya Tume ni ceni.cd, na .cd ni herufi za nchi yetu. Matapeli wanaliweka neno «ceni» mwanzoni, pale jicho linapotua kwanza, kisha kabla ya mkwaju huo wanamalizia na jina jingine kabisa. Linalohesabika ni lile la mwisho. Ni kama mtu anayejiita mtoto wa chifu: usiulize jina lake, uliza anaingia nyumba gani jioni.

«Kuna ndugu wa ndani, ukimpa kitu kidogo unapata haraka.»

Kadi ni bure wakati wa uandikishaji. Hakuna pesa ya wino, hakuna ya mafuta ya jenereta, hakuna «ya maji» ya mwendeshaji.

Hapa lakini lazima niseme ukweli wote, maana anayesema «ni bure» akanyamaza hapo hajawahi kupanga mstari. Mwaka 2023 nilifika kwenye kituo kimoja saa kumi na moja alfajiri, giza bado, nikakuta mawe na vipande vya matofali vimepangwa chini. Kila jiwe ni mtu aliyelala nyumbani. Vijana wa mtaa walikuwa wameshika jetoni, vile vikaratasi vya namba, wanaviuza. Nilinunua, ndiyo. Namba 34. Mchana ikajulikana kwamba kuna namba 34 tatu, na mwenye ya kweli alikuwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Nilirudi kesho yake nikasimama kama watu wengine, nikapata bila kulipa chochote. Kwa hiyo nilichonunua jana yake ni hasira tu.

Jambo lingine: uandikishaji haufanyiki kila siku. Unafunguliwa kwa kalenda inayotangazwa, eneo kwa eneo, redioni na kwenye komini. Anayekuambia «nakutolea leo usiku», wakati hakuna kituo hata kimoja kilichofunguliwa, umeshamjua.

«Bila cheti cha kuzaliwa hupati, ndiyo maana watu wananunua.»

Hii inawaumiza zaidi waliotoka vijijini. Sheria ya 24 Desemba 2004 juu ya uandikishaji wa wapiga kura haikufunga mlango hivyo. Cheti cha uraia au cha kuzaliwa kinakubaliwa, pasi ya kusafiria, leseni ya kuendesha gari, kadi ya kazi, kadi ya mwanafunzi. Na asiye na chochote anaweza kuja na mashahidi watatu, ambao wao wenyewe wamekwisha kujiandikisha kituo hichohicho na wamekaa eneo hilo miaka 5 au zaidi. Watatu. Mwenye nyumba wako, mzee wa kanisa, jirani unayemwazima jembe. Ukiwa huna watu watatu wa kukujua mtaani, basi shida yako si karatasi.

«Nikiwa na kadi, nimethibitisha uraia wangu.»

Hapana, ingawa naelewa mkanganyiko unatoka wapi. Sensa ya mwisho ya watu nchini ilikuwa mwaka 1984, enzi za Zaire. Ofisi ya kutambua wananchi, ONIP, iliundwa mwaka 2011, na kadi ya kwanza ya kitambulisho cha taifa alikabidhiwa rais tarehe 30 Juni 2023, lakini sisi wa Katuba tunaendelea kutembea na ile ya CENI. Ndiyo tunayoonyesha benki, kwenye kusajili namba ya simu, kwenye kizuizi cha barabara ya Kasumbalesa. Inatumika kama kitambulisho cha muda. Uraia wenyewe unathibitishwa kwa cheti cha uraia kinachotolewa na wizara ya sheria. Hivyo ni vitu viwili.

Na kwa sababu kadi moja inafungua milango yote hiyo, ndiyo maana wezi wanaitamani kuliko pesa uliyo nayo mfukoni.

«Kutuma foto ya kadi yangu kuna ubaya gani? Si hela.»

Yule kijana, kabla ya kupewa kadi bandia, aliombwa picha ya kadi ya mama yake «kwa ajili ya ukoo». Akatuma, mbele na nyuma. Fikiria mtu aliye na jina kamili la mama, tarehe yake, namba ya kadi na anwani. Anaweza kwenda kujaribu kusajili laini ya simu kwa jina hilo, kisha akawatapeli wengine kwa laini hiyo, na mama ndiye atakayeitwa.

Halafu ikaja hatua ya pili. Mtu wake akamwambia: «Utapokea namba 6 kwa SMS, unitumie ili nifunge faili.» Namba 6 hizo hazikuwa za faili lolote. WhatsApp ndiyo inayozituma mtu anapojaribu kufungua akaunti yako kwenye simu nyingine. Ukizitoa, kesho shangazi yako Likasi anapokea ujumbe kwako: «Tantine, nimepata shida, nitumie dola 20.» Na anatuma, maana ni wewe. Bahati yake kijana, uniti za simu zilikuwa zimekwisha, akachelewa kujibu.

Kwa haraka, mengine niliyojibu siku ile. Umri wa miaka 18 unahesabiwa kwa siku ya kura, ndiyo maana mwaka 2023 wengine waliandikishwa wakiwa na 17. Wanajeshi na polisi hawapigi kura, kwa hiyo askari anayekuonyesha «kadi yake mpya» usimfuate. Kuwa na kadi mbili si ujanja, ni kosa la jinai.

«Kadi imefutika, nitachapisha nyingine sekretaria.»

Mimi ndiye sekretaria, nisikilize. Kadi nyingi za 2023 maandishi yalififia mapema, wengine wakabaki na kipande cheupe chenye kivuli cha uso, mpaka CENI ikatoa duplikata, yaani kadi ya pili badala ya ile ya kwanza, kabla ya kura ya 20 Desemba. Duplikata inatoka CENI peke yake. Iliyopotea, unaanza komini kuchukua cheti cha kupotea kwa vitambulisho, kisha unapeleka kwenye ofisi ya CENI ya eneo lako. Mimi kazi yangu ni fotokopi tu, na ninawaambia wateja waifanye mapema, namba bado inasomeka, waiweke nyumbani kwenye daftari. Nikichapa kadi upya, hata kwa huruma, hata yenye maelezo ya kweli, nimeghushi, na anayeibeba tunaingia naye pamoja.

Kijana akauliza sasa afanye nini na dola 15. Nikamwambia hizo amezitoa sadaka. Tulipiga picha mazungumzo yote kwenye skrini kabla hajayafuta, tukaandika namba aliyoitumia pesa na saa, nikamchapia barua ya malalamiko ukurasa mmoja ya kupeleka polisi, na nyingine ya kampuni ya simu. Akaweka pia namba ya siri ya pili kwenye WhatsApp yake na ya mama yake.

Kwenye kulipa alitoa franka 500, nikamrudishia. Akasimama mlangoni. «Na ile foto, yaya? Iko ku mashine yako.» Nikaifuta mbele yake, nikafungua kapu la taka la kompyuta, nikaifuta na huko.