"Anayesema hafanyi" na mengine tunayodanganyana kuhusu wanafunzi wanaosomea nyumbani

Shule zilipofungwa Machi 17, 2020, walimu wengi hapa Tabora tuligeuka walimu wa simu bila kujiandaa. Mwishoni mwa Juni watoto walirudi darasani, ila simu haikurudi mfukoni: kazi za likizo, watahiniwa wa kujitegemea, wote tunafundishana humo humo WhatsApp. Na humo ndimo nilikokutana na dhana hizi potofu kuhusu kujiua. Mojawapo nilikuwa nayo mwenyewe.

"Anayesema hafanyi." Ndiyo hiyo. Kijana wangu mmoja wa kidato cha tatu, kwao Urambo, aliniandikia saa saba usiku: "Mwalimu, kile kitabu changu cha fizikia mpe niliyekuwa nakaa naye dawati moja." Nilisoma asubuhi, nikadhani anahama shule.

Ukweli ni kwamba wengi wanaojiua huwa wametoa ishara kabla, kwa maneno au kwa vitendo. Mtu anaaga na hana safari. Anagawa vitu anavyovipenda. Anaweka status kwamba yeye ni mzigo kwao. Darasani ungemwona macho. Kwenye simu unabaki na vitu vidogo. Aliyezoea kutuma kazi jioni sasa anatuma usiku wa manane, na mbishi wa kundi amebaki kusoma tu. Na akichangamka ghafla baada ya wiki za huzuni, usikimbilie kushukuru. Huenda kapata nafuu, huenda kafikia uamuzi. Muulize.

"Kakaa kimya, bando limeisha." Mara nyingi ni kweli kabisa, ndiyo maana tunadanganyika. Hata zile tiki za bluu hazisemi kitu, pengine aliyesoma ni mama yake, mwenye simu. Kimya peke yake hakithibitishi lolote, ila kinatosha kukufanya upige.

"Ukimuuliza habari za kujiua, unampa wazo." Tafiti zimeonyesha kuwa kuuliza hakumwongezei hatari, na wengi hupumua walipoulizwa. Shida ni tunavyouliza. "Usije ukafanya ujinga, sawa?" Hapo atajibu nini zaidi ya "sawa"? Litamke neno lenyewe.

Tena usiulize kwa ujumbe kwenye simu ya familia. Mimi nilimpigia bibi wa yule kijana wa Urambo. Shikamoo, marahaba, habari za mashamba, akasema, "Mwalimu, mjukuu wangu siku hizi analala tu, hata ugali hagusi." Nikaomba kuongea naye. Nikamwambia asogee mpaka chini ya mwembe, nikamuuliza kama yuko peke yake, kisha nikamuuliza: "Umekuwa ukifikiria kujiua?" Akanyamaza muda mrefu, nilisikia kuku tu. "Ndiyo, mwalimu."

Akijibu hivyo, usimhubirie, wala usimwahidi kwamba itabaki siri yenu. Muulize kama ana mpango, na kama alichopanga kukitumia kiko karibu. Usikate simu mpaka mtu mzima awe ubavuni mwake. Wa kwangu alikaa na bibi hadi baba mdogo alipofika na pikipiki wakaenda kituo cha afya. Mjini hapa kuna hospitali ya Kitete. Na mtoto mwenyewe, au mzazi, anaweza kupiga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

"Aliyeamua kaamua, hata umfiche vitu." Sri Lanka ilipiga marufuku viuatilifu vikali zaidi kimoja baada ya kingine, na katika miaka 20 kiwango cha kujiua kikashuka kwa asilimia 70 hivi. Kwa wengi saa ile mbaya hupita, alimradi hatari isiwe karibu. Nyumba zetu za wakulima wa tumbaku zinaweka dawa za shamba uvunguni, pembeni ya madaftari. Zitoke, zifungiwe na kufuli, na dawa za hospitali vilevile.

"Ni mambo ya watu wazima wenye madeni." Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021, kujiua ni chanzo cha tatu cha vifo kwa wenye miaka 15 hadi 29.

"Karogwa." Sibishani na bibi wa mtu. Namwomba tu hospitali isisubiri mganga amalize.

"Tukisema, polisi watamkamata." Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na kwa maoni yangu kimewafanya watu wengi wafiche. Lakini kuwa na mawazo hayo, au kuomba msaada, si kosa.

Kijana yule bado anahudhuria kliniki. Siku ile namba ya bibi yake niliipata kwa kuulizia watu watatu. Sasa kwenye daftari langu la mahudhurio, kila jina lina namba mbili: ya simu inayopokea kazi, na ya mtu mzima anayelala nyumba moja na mtoto.