Je, wajua kwa nini cheni ya baiskeli haidumu ikifungwa kwenye injini?

Laza mezani cheni ya pedeli na cheni ya injini ndogo ya baiskeli, na kwa haraka utaona ndugu wawili. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, kwenye zote mbili. Ndiyo maana wanaofunga injini kwenye baiskeli hujaribiwa kutumia cheni yoyote iliyo karibu. Wanaowakataza huwa na jibu moja: injini ina nguvu kuliko miguu, itaikata.

Jibu hilo linaingia akilini, ila hesabu inalikataa. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya pedeli moja, krenki (mkono unaobeba pedeli) ikiwa imelala sambamba na ardhi, anaikandamiza kwa nyutoni 690 hivi. Kwa krenki ya milimita 170 na sproketi (gurudumu la meno linalobeba cheni) ya meno 44, cheni inavutwa kwa nyutoni 1,300 na ushei. Sasa chukua injini ya mipigo miwili yenye nguvu farasi 2, ikizunguka mara 5,000 kwa dakika. Gia zake za ndani hupunguza mzunguko mara 4 hivi, na sproketi yake ya nje ina meno 10. Mvuto kwenye cheni hauzidi nyutoni 600. Kwa kuvuta cheni tu, mguu umeishinda injini zaidi ya mara mbili!

Huo ni wastani, bila shaka. Injini ya silinda moja husukuma kwa vishindo, na ukiachia klachi ghafla ili iwake, cheni hupata mshtuko mkubwa kuliko hapo. Mkubwa kiasi gani hutegemea uzito wa baiskeli na ukali wa mkono. Hata hivyo, cheni nyingi haziuawi na vishindo. Zinauawa na kukunjwa.

Kila kiungo cha cheni ni bawaba: pini ndani ya bushi, yaani kibomba kidogo cha chuma. Mlango unaofunguliwa kidogo tu, mara chache kwa siku, bawaba yake hudumu miaka. Ufungue mlango huohuo kwa upana zaidi, mara nyingi zaidi, pini italika hata kama hakuna anayeusukuma kwa nguvu. Cheni ikipita kwenye sproketi ya meno 44, kila kiungo hukunjwa nyuzi 8 tu. Kwenye meno 10 hukunjwa nyuzi 36. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, viungo 2,640 hupita juu ya sproketi kubwa. Injini yetu hupitisha zaidi ya 12,000 kwenye ile ndogo. Mlango unafunguliwa zaidi ya mara nne kwa upana, na zaidi ya mara nne kwa wingi.

Isitoshe, sproketi ya meno 10 si duara kwa macho ya cheni, ni umbo la pembe kumi. Hata injini ikizunguka kwa utulivu kamili, mwendo wa cheni hupanda na kushuka kwa karibu asilimia 5 kila jino linapopita. Kwenye meno 44 ni kama robo ya asilimia moja.

Kwa hiyo upana wa cheni una maana kuliko unavyodhaniwa. Cheni pana ina bushi ndefu, na mgandamizo wa pini unatawanyika. Namba zake zinasomeka ukijua siri yake: tarakimu ya kwanza ni umbali wa pini kwa thumuni (sehemu za nane) za inchi, mbili zinazofuata ni upana wa ndani kwa thumuni hizohizo, nukta ikiwa imemezwa. 410 ya baiskeli ina thumuni 1, 415 ina thumuni 1.5 (milimita 4.8), 420 ina 2 (milimita 6.4). Kisha inakuja 428 na kuvuruga kila kitu: upana wake ni thumuni 2.5, ilipaswa kuitwa 425. Rola zake, vigurudumu vinavyozunguka juu ya bushi, pia ni nene zaidi, kwa hiyo usiipachike kwenye meno ya 420 kwa kuwa tu nusu inchi ni ileile.

Sproketi za injini hizi kwa kawaida ni za 415. 410 haiwezi kuketi juu yake, meno ni manene kuliko nafasi yake. 420 inaketi, lakini inabaki na nafasi ya kucheza pembeni, na sproketi ya nyuma iliyobanwa kwenye spoki kwa raba mara nyingi tayari inayumba. Chaguo langu ni 415H. H ni mabati manene ya pembeni. Kabla ya kulaumu cheni, hakikisha sproketi mbili ziko kwenye mstari mmoja.

Na cheni ikilegea, usidhani chuma kimevutika. Mabati yako vilevile. Ni pini na bushi zilizolika, kila kiungo kikiongeza unywele wake. Ivute inyooke, upime pini 25 mfululizo, katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya mwisho. Cheni mpya hutoa milimita 304.8. Ikikaribia 308, badilisha, pamoja na ile sproketi ndogo kama meno yake yamechongoka.