Mbwa mwenye kisukari akitapika, kongosho lichunguzwe

Mbwa aliyezoea sindano ya insulini asubuhi na jioni akikataa chakula na kuanza kutapika, baadhi ya wenye mbwa hudhani sukari imepanda tu, wakaongeza dozi. Wengine husitisha sindano kabisa kwa kuwa hajala. Yote mawili ni hatari, na mara nyingi chanzo kiko kwenye kongosho.

Kongosho lina kazi mbili. Sehemu yake kubwa hutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula, na vikundi vidogo vya seli vilivyotawanyika ndani yake hutoa insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Haya tumeyajua kwa gharama ya mbwa wenyewe. Mwaka 1889, mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimwondolea mbwa kongosho, naye akapata kisukari. Mwaka 1921, Toronto, Frederick Banting na Charles Best wakatumia mbwa tena katika majaribio yaliyozaa dawa ya insulini. Binadamu anayejidunga leo ana deni kwa mbwa hao.

Kongosho likipata uvimbe (kuvimba na kuuma, si saratani), vimeng'enya huanza kazi humo humo kabla ya kufika kwenye utumbo, vikalisaga kongosho lenyewe. Seli za insulini zikiharibika, mbwa anaweza kubaki na kisukari. Kinyume chake pia hutokea: kisukari huongeza mafuta kwenye damu, na mafuta hayo yanaweza kuchochea uvimbe. Uvimbe nao huufanya mwili usiitikie insulini vizuri, mwili ukageukia kuchoma akiba ya mafuta, na damu ikajaa ketoni, yaani mabaki ya mafuta yaliyochomwa, na kuwa na asidi. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliohusisha mbwa 127 waliofikia hali hiyo, takriban 4 kati ya kila 10 walikuwa pia na uvimbe mkali wa kongosho.

Dalili si ngumu kuziona: kutapika, kunyong'onyea, tumbo linalouma likiguswa, na pengine kuhara. Mbwa wengine hushusha kifua chini na kuinua makalio, wakakaa hivyo kwa maumivu. Pumzi yenye harufu tamu isiyo ya kawaida ni ishara ya ketoni, na hapo asingoje kesho.

Kliniki, vipimo vya kawaida vya amilesi na lipesi, vimeng'enya vya kusaga chakula, haviaminiki sana kwa mbwa. Kipimo cha lipesi ya kongosho pekee pamoja na picha ya altrasaundi husaidia zaidi. Tiba ni dripu, dawa za kuzuia kutapika na za maumivu, insulini inayofanya kazi haraka kwa uangalifu, na kufuatilia potasiamu, kwa sababu insulini huishusha. Zamani mbwa aliachwa na njaa siku kadhaa ili kongosho lipumzike. Leo tunamlisha mapema, mara tu kutapika kunapodhibitiwa.

Nyumbani, chakula kiwe na mafuta kidogo. Ngozi ya kuku, mafuta ya kukaangia na mabaki ya nyama choma ya Jumapili ndivyo vinavyotuletea wagonjwa, na hapa huruma ya wageni ni tatizo kubwa kuliko uzembe wa mwenye mbwa. Usimpe ibuprofeni wala diklofenaki ya binadamu. Jike asiyetarajiwa kuzaa afungwe kizazi kwa kuondolewa ovari, maana homoni za baada ya kipindi cha kutaka dume huzuia kazi ya insulini.

Siku ambayo hajala, mpigie daktari wa mifugo kabla ya kumchoma sindano yoyote. Kagua pia kama vipimo vya bomba lako la sindano vinalingana na insulini yako: baadhi ya insulini za mifugo zina yuniti 40 kwa mililita, ile ya binadamu inayopatikana kwenye maduka ya dawa kwa kawaida ina 100. Insulini ya 40 ukiipima kwa bomba la 100, mbwa hupata chini ya nusu ya dozi. Ya 100 kwa bomba la 40 humpa mara mbili na nusu, sukari ikashuka mno, na anaweza kuanguka kwa degedege.