Je, wajua kwa nini meseji uliyoifuta huendelea kuonekana kwenye jibu la aliyekunukuu?

Tuseme uko kwenye kundi la WhatsApp la biashara ya viazi, lile linalowakutanisha wakulima wa Isyonje na Umalila, madalali wa Mwanjelwa na wenye maroli wa Makambako. Asubuhi dalali anaandika: "Nachukua gunia elfu 70, mzigo wote." Mama mmoja wa Isyonje anamnukuu hapohapo na kumjibu: "Haya baba, njoo, ila lumbesa sitaki." Saa tano bei ya Dar es Salaam inashuka. Dalali anarudi kimyakimya na kufuta kwa wote. Pale meseji ilipokuwa panabaki "Ujumbe huu umefutwa". Lakini juu ya jibu la mama, ndani ya kile kisanduku kidogo, elfu 70 iko palepale, na jina la dalali liko palepale.

Wengi hudhani kisanduku kile ni dirisha, kwamba simu inachungulia meseji ya awali popote ilipo na kutuonyesha. Ingekuwa hivyo, dalali akishafuta dirisha lingebaki tupu. Kumbe mama alipobonyeza kujibu, simu yake iliyanakili maneno ya dalali, ikayafunga ndani ya meseji yake yeye pamoja na utambulisho wa mwandishi na namba maalumu ya meseji ile, ikatuma vyote kwa pamoja. Kuanzia hapo maneno ya dalali yamo kwenye mzigo wa mama.

Kufuta kwa wote nako ni meseji ya aina yake, ingawa hatuioni. Simu ya dalali hutuma amri kwa simu za wanakundi: tafuteni meseji yenye namba hii, iondoeni. Zinaitafuta, zinaiondoa. Jibu la mama lina namba nyingine, basi amri inapita pembeni bila kuligusa. Tangu Agosti 2022 WhatsApp wameongeza muda wa kufuta hadi zaidi kidogo ya siku mbili. Hata ungekuwa mwezi mzima, kisanduku kisingetikisika.

Ukitaka kuthibitisha, ongeza mtu mpya kwenye kundi. Kwa kawaida mgeni haoni yaliyosemwa kabla hajaingia. Sasa nukuu meseji ya juzi mbele yake: ataisoma ndani ya kisanduku, ingawa ya awali haikuwahi kufika kwenye simu yake. Akiibonyeza hatapelekwa popote.

Kwa nini wakaamua hivyo? Kwa sababu hakuna ghala moja ambamo meseji ya dalali imekaa ikisubiri kuchunguliwa. WhatsApp walikamilisha mwaka 2016 kuzifunga meseji kwa usimbaji, yaani kuyageuza maneno yasisomeke njiani, unaoanzia simu ya mtumaji na kuishia kwenye simu ya mpokeaji. Seva haizisomi, na zikishafika haibaki nazo. Kilichobaki ni nakala zilizotawanyika kwenye simu za watu. Makundi ya kawaida ya Telegram yana utaratibu tofauti, meseji zake hukaa kwenye seva za kampuni. Ndiyo maana jibu la kawaida kule linaelekeza tu kwenye meseji ya awali, na ikifutwa, jibu nalo linasema imefutwa. Dalali wetu angekuwa Telegram angepona.

Tabia yenyewe ya kubeba maneno ya mwenzako ndani ya jibu ni ya zamani kuliko simu hizi. Usenet, mtandao wa majadiliano uliobuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, ulipitisha meseji kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila kituo kikuu. Jibu liliweza kukufikia kabla ya swali lake. Watu wakazoea kunakili mistari ya mwenzao, kila mstari ukitanguliwa na alama ya >, kisha kujibu chini yake. Mwongozo wa adabu za mtandaoni ulioandaliwa na Sally Hambridge wa Intel na kutolewa Oktoba 1995 ulilitaja tatizo hilohilo, ukashauri kunukuu kiasi cha kumfanya msomaji aelewe, na ukaonya usirudishe meseji nzima. (Anayenukuu tangazo la msiba lenye mistari 30 ili aandike "Pole sana" hajakutana na mwongozo huo.)

Sisi tunanukuu kwa sababu inayokaribiana na hiyo. Tukiongea ana kwa ana, jibu huja upesi mno: utafiti wa lugha 10 uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta pengo la kawaida kati ya swali na jibu ni karibu sehemu moja ya tano ya sekunde. Hakuna haja ya kusema unajibu lipi. Kwenye kundi, mama anaweza kuwa shambani tangu alfajiri, mtandao ukamkubali anapofika barabarani, na kati ya swali la dalali na jibu lake zimepita salamu, picha za roli lililokwama na mnada wa magunia. "Haya baba" bila nukuu ingemwangukia yeyote.

Sasa upande wa pili, ambao ningependa kila admini aujue. Kama nukuu hutengenezwa na simu ya anayenukuu, na seva haiwezi kuikagua, nani anahakikisha haikuchezewa? Agosti 2018 wataalamu wa kampuni ya usalama ya Check Point walionyesha kwamba mtu mwenye ujuzi anaweza kubadili maneno yaliyomo kwenye nukuu, au kuyabandika kwa mtu ambaye hata hayumo kwenye kundi. Facebook (sasa Meta), wenye WhatsApp, walijibu kwamba ni sawa na kuchezea maneno ya mtu kwenye majibu ya barua pepe, na kwamba kuziba mwanya huo kungedai kuhifadhi taarifa za chanzo cha kila meseji na hivyo kupunguza faragha. Binafsi naona hoja ya faragha ina uzito. Ila haimsaidii aliyesingiziwa.

Kwa hiyo mama akipeleka picha ya kisanduku kile kwenye shauri, ana kitu mkononi, lakini kitapimwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 18, hairuhusu ushahidi ukataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Papo hapo inaelekeza kutazama ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na jinsi mwandishi wake alivyotambuliwa.

Kabla ya kufika huko, bonyeza kisanduku. Kikikupeleka kwenye "Ujumbe huu umefutwa" chini ya jina la dalali, umejua angalau kwamba aliandika kitu mahali pale na akakiondoa. Alichoandika bado unakipata kwa mama peke yake, au kwa wengine walionukuu meseji hiyohiyo. Wakiwa watatu wasioshirikiana na maneno yao yanalingana, dalali ana kazi.

Yote hayo ni kwa maandishi. Sauti ikinukuliwa, kinachoonekana kwenye kisanduku ni alama ya maikrofoni na muda wake tu, maneno hayamo. Wale wazee wa Tukuyu wanaotaja bei kwa sauti ya dakika tatu, robo tatu yake ikiwa salamu, wakifuta wamefuta kwelikweli, labda kama kuna mtu alikuwa ameshaituma mbele.